Adhabu katika uboreshaji wa binari: dhana zinazowakwamisha wanaoanza

Uboreshaji wa binari ni kutafuta jibu bora pale ambapo kila uamuzi ni 0 au 1 tu. Tumchukue mfanyabiashara wa ndizi wa Moshi anayetaka kupeleka mzigo Dar es Salaam kwa gari moja tu kati ya matatu, ambayo gharama zake za kukodi, kwa laki za shilingi, ni 9, 7 na 8. Kila gari linapewa kigeu, yaani a, b au c, ambacho ni 1 likikodiwa na 0 lisipokodiwa, na gharama yote inakuwa 9a + 7b + 8c. Kompyuta ikiambiwa itafute thamani ndogo kabisa ya jumla hiyo, itajibu kwamba lisikodiwe gari lolote. Ndiyo maana huongezwa kifungu cha adhabu, P(a + b + c − 1)², ambamo P ni namba chanya tunayoichagua wenyewe; kifungu hicho ni sifuri linapochaguliwa gari moja na huzidi sifuri katika hali nyingine zote.

Dhana potofu ya kwanza ni kwamba sharti likishaandikwa hivyo haliwezi kuvunjwa. Ukweli ni kwamba adhabu haikatazi kitu, bali inaweka bei ya kuvunja sharti. Tukiweka P = 5, kutokodi gari kunagharimu 5, ilhali gari la bei nafuu kuliko yote linagharimu 7; kompyuta itavunja sharti, na kwa hesabu tuliyoipa itakuwa imejibu sawasawa.

Kutokana na hilo wengi hukimbilia dhana ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye madhara zaidi: kwamba P ikiwa kubwa mno, usalama nao unaongezeka. Kinadharia jibu bora halibadiliki, lakini njia ya kulifikia huharibika. Mbinu nyingi za utafutaji hubadilisha kigeu kimoja kwa wakati mmoja. Chukua P = 8, na utafutaji uanzie kwenye gari la kwanza, lenye gharama 9: ukiliacha unafika 8, kisha ukichagua la pili unafika 7, na safari yote ni ya kushuka. Sasa weka P = 1000. Kutoka 9 hadi 7 ni lazima upitie hali ya kutokuwa na gari, yenye gharama 1000, au ya magari mawili, ambayo ni kubwa zaidi, na utafutaji unaweza kunasa kwenye gari ghali ingawa la nafuu liko hatua mbili tu mbele. Katika mashine zenye usahihi mdogo wa namba, tofauti kati ya 7 na 9 inaweza hata kumezwa na ukubwa wa P. Inafaa P izidi kidogo tu faida kubwa kabisa inayoweza kupatikana kwa kuvunja sharti, kisha kila jibu likaguliwe upya dhidi ya masharti yenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba kazi hii haifanyiki bila kompyuta ya kwanta, yaani ile inayotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana. Vigeu 20 vina michanganyiko 1,048,576, ambayo kompyuta ya kawaida huipitia yote kwa muda mfupi. Na kwa matatizo makubwa zaidi ipo mbinu ya kuiga upoaji wa metali, iliyochapishwa na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983, ambayo nayo haihitaji mashine maalumu.

Dhana ya mwisho inahusu masharti ya "isizidi". Gari likibeba tani 7, anayeanza huandika adhabu ya (uzito − 7)², bila kuona kwamba anaadhibu hata gari lenye tani 5, ambalo halina kosa. Njia sahihi ni kuongeza vigeu vitatu vya kuhesabu nafasi iliyobaki, vyenye uzito wa 1, 2 na 4, ambavyo kwa pamoja hutoa kila namba kamili kuanzia 0 hadi 7, iwapo mizigo yenyewe inapimwa kwa tani kamili. Mzigo ukiwa tani 5, kigeu cha uzito wa 2 kinakuwa 1, jumla inatimia 7, na adhabu inakuwa sifuri.