Kwa nini jerikeni moja hukuelesha ukiikumbatia, lakini haikubebi ukiikalia?

Jerikeni tupu ya lita 20, ile ya njano inayochotewa maji kila kona ya Uganda, ikizibwa vizuri humwelesha mtu mzima. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hata ukiipanda itakubeba. Siku niliyojaribu, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, maji yakiwa ya kifuani, niliikumbatia nikaelea vizuri. Nilipoikalia ilididimia mpaka mpini ukapotea majini, ikageuka, ikachomoka kati ya miguu yangu.

Wengi tunadhani siri ni wepesi wa plastiki. Sivyo. Ijaze jerikeni hiyohiyo maji mpaka mdomoni, uitie ziwani: plastiki ni ileile, lakini msaada umekwisha. Wala hewa ya ndani haivuti kitu juu. Kazi yake ni kushika nafasi tu, maji yasiingie. Anayesukuma ni maji.

Jaribu nyumbani. Jaza beseni mpaka pomoni, kisha didimiza polepole kijerikeni tupu cha lita 5 kilichozibwa. Maji yanamwagika, na kiganja chako kinasikia kikisukumwa. Lita moja ya maji ni kilo moja: zikimwagika lita 3, unasukumwa kwa kilo 3, ukiondoa uzito wa chombo. Kikishazama chote, msukumo hauongezeki tena hata ukishindilia vipi.

Sasa fikiria mwili. Ukiwa majini hadi shingoni, ziwa limeshabeba karibu uzito wako wote, kwa kuwa mwili wa mtu na maji ya ujazo uleule hukaribiana uzito. Kinachobaki ni kichwa, kilo 5 hivi. Ni kama gunia la viazi mlilobeba wawili. Ukipanda juu ya jerikeni, ziwa linatoa bega lake, na jerikeni inaachiwa gunia zima: kilo 70 za mtu mzima kwa msukumo usiozidi kilo 19, yaani lita 20 ukiondoa uzito wa jerikeni yenyewe.

Kwa hiyo chelezo cha mtu mmoja kinahitaji jerikeni 4 kwa hesabu kavu, na 6 kwa usalama, maana mbao za juu nazo ni mzigo na kifuniko kimoja kinachovuja kinafuta kilo 19. Zifunge kwa mipira ya tyubu, tatu kila upande, safu mbili zilizoachana, la sivyo chelezo kitabingirika.

Mafunjo nayo huelea kwa njia hiyohiyo. Pasua shina uone moyo wake mweupe: umejaa vijumba vidogo vya hewa, kama jerikeni nyingi mno. Yakikatwa hulowa taratibu, lakini yakiwa hai hubeba visiwa vizima. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilielea mpaka bwawa la Nalubaale, Jinja, na umeme ukakatika nchini.

Ukiwa na jerikeni moja tu, usiipande. Kaza kifuniko, ikumbatie kifuani, mabega yabaki majini.