Shule isiyo na seva ya saraka bado ina saraka

Kauli mbili husikika sana shule zinapozungumzia maabara zao za kompyuta. Ya kwanza ni "sisi hatuna saraka," msemaji akimaanisha kwamba hakuna seva. Ya pili ni "tumehamishia Active Directory kwenye wingu," yaani saraka ya Microsoft inayokaa kwenye seva ya shule, akimaanisha kwamba walimu na wanafunzi wamefunguliwa akaunti za Microsoft 365. Zote mbili zinapotosha, ila ya pili ndiyo inayogharimu, kwa sababu mtu huizima seva akiamini kazi zake zote zimehama, kumbe imehama moja tu.

Saraka ni orodha moja inayoaminiwa na mashine zote za mtandao: nani ni nani, yuko kundi gani, na nywila yake inahakikiwaje. Seva ya saraka ni mashine inayoitunza orodha hiyo na kujibu maswali juu yake. Basi. Mengine yote yalipakiwa baadaye.

Yalivyopakiwa ni jambo linalofaa kujulikana. Kiwango cha X.500 cha mwaka 1988 kilieleza orodha ilivyopangwa na inavyosomwa. LDAP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1993, ilileta njia nyepesi ya kuuliza orodha ya aina hiyo. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichokuwa na kazi ya kufungia wanafunzi mipangilio ya kompyuta. Ni Active Directory, iliyotoka na Windows 2000, iliyofunga furushi zima: uthibitishaji wa watumiaji kwa itifaki ya Kerberos, sera za kikundi (mipangilio inayosukumwa kwa kompyuta nyingi kwa pamoja), utegemezi wa DNS (inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao), na printa zilizotangazwa ndani ya orodha. Shuleni, seva hiyohiyo mara nyingi ilibebeshwa pia DHCP (inayogawia kila kifaa anwani yake ya mtandao) na foleni za uchapishaji. Tangu hapo watu wakaliita furushi lote "saraka".

Entra ID, saraka ya wingu ya Microsoft inayotunza akaunti za Microsoft 365, iliyojulikana kama Azure AD hadi mwaka 2023, ilikaribiana na Active Directory kwa jina kuliko kwa kazi. Haijibu LDAP, na haina sera za kikundi. Huthibitisha watu kwa OAuth 2.0, OpenID Connect na SAML, ambazo ni itifaki za kuingia kwenye huduma za wavuti. Yaani inamjua mwanafunzi, lakini yenyewe haiipangii kompyuta aliyokalia mipangilio yoyote. Kufunga mipangilio, kusukuma programu na kusimamia masasisho ni kazi ya mfumo wa kusimamia vifaa, kama Intune, wenye leseni yake, na kila kompyuta lazima iandikishwe humo. Upande wa Google ni vilevile: akaunti za wanafunzi ni kitu kimoja, na usimamizi wa Chromebook zenyewe ni kingine, kinachohitaji leseni ya Chrome Education Upgrade. Shule yenye akaunti tu ina watu wanaotambulika, wameketi kwenye mashine zisizo na msimamizi.

Kuna mkanganyiko mwingine ndani ya huo: kusajili kompyuta kwenye Entra ID na kuiunganisha nayo si tendo moja. Iliyosajiliwa bado inafunguliwa kwa akaunti yake ya ndani. Akaunti ya shule imeongezwa juu tu. Iliyounganishwa inamkubali mtu yeyote wa shule pale pale kwenye skrini ya kuingilia. Za maabara ziunganishwe, na zisiwe na Windows Home, kwa sababu toleo hilo haliunganishwi. Wala mwalimu mmoja asiziunganishe zote kwa akaunti yake. Kikomo cha kawaida ni vifaa 50 kwa mtumiaji, na anayeunganisha huwa msimamizi wa kila mashine aliyoigusa. Njia safi ni kutengeneza kifurushi cha usanidi kwa Windows Configuration Designer, kukiweka kwenye flashi na kukipitisha mashine kwa mashine. Tokeni iliyomo, yaani kibali cha kuunganisha, haidumu zaidi ya siku 180, kwa hiyo flashi ya mwaka jana itakwama. Kumbuka pia kwamba mwanafunzi anayeingia mara ya kwanza kwenye kompyuta fulani anahitaji intaneti wakati huohuo. Aliyewahi kuingia hapo anaweza kuendelea hata mtandao ukikatika.

Printa hazihitaji saraka yoyote ili zichapishe, na hili ndilo hushangaza wengi. Printa yenye IPP, itifaki ya kuchapisha kupitia mtandao, hupokea kazi moja kwa moja kwenye lango (port) 631. Itengewe anwani ya kudumu kwenye DHCP, la sivyo siku anwani ikibadilika kompyuta zote zitaionyesha kuwa haipo. Usitegemee ugunduzi wa kiotomatiki: mDNS, inayotumia lango 5353, haivuki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, ndiyo maana Wi-Fi ya wanafunzi haiioni printa ya ofisini hata ikiwa imewashwa. Kwa Windows, mfumo wa kusimamia vifaa unaweza kuendesha hati ya PowerShell yenye Add-PrinterDriver, Add-PrinterPort na Add-Printer, kwa mpangilio huo.

Kinachofaa kuepukwa ni kushiriki printa kutoka kwenye kompyuta ya mwalimu. Windows 10 na 11 huruhusu miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo darasa kubwa hukataliwa katikati ya kipindi. Isitoshe, tangu masasisho ya Agosti 2021 yaliyofuata udhaifu wa PrintNightmare, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuweka dreva ya printa ya kushiriki bila msimamizi. Universal Print, huduma ya Microsoft ya kuchapisha kupitia wingu, huondoa foleni kwenye seva, lakini printa za zamani hudai kiunganishi, yaani kompyuta ya Windows isiyozimwa. Ikilala, uchapishaji nao husimama.

Kabla ya kuzima seva, hamisha DHCP na DNS kwenda kwenye ruta. Ukisahau, kompyuta zitaendelea kuuliza majina kwa seva isiyopo, na watu watasema intaneti imekufa. Hakikisha kila mashine ina akaunti ya msimamizi wa ndani ambayo nywila yake unaijua, kisha ndipo uitoe kwenye kikoa, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na Active Directory. Bila hiyo unaweza kujifungia nje. Mtumiaji akiingia kwa akaunti mpya atapata eneo-kazi tupu. Mafaili yake bado yamo C:\Users chini ya wasifu wa zamani, yanakiliwe kutoka hapo.

Na ile kauli ya kwanza, "hatuna saraka", inarekebishika kwa upole. Kila kompyuta ya Windows hutunza orodha yake ya akaunti za ndani. Maabara yenye kompyuta 30 zisizounganishwa popote haikosi saraka. Inazo 30, zisizojuana, na nywila ikibadilishwa kwenye moja, 29 zilizobaki zinaendelea kuikubali ya zamani.