Kabla ya kuuliza nani anaimba, uliza saa ngapi

Napanga ratiba za matukio ya majira ya joto: mbio asubuhi, sanaa mchana, muziki jioni, watu wakitoka miji yote ya jirani. Waandaaji wengi huanza na jina la msanii. Mimi huanza na saa. Mwimbaji maarufu akipangiwa saa nane mchana, mashabiki watamsikilizia mbali, chini ya miti, na mbele ya jukwaa patakuwa patupu.

Kwenye michezo, hatari ya joto ni kubwa zaidi. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka; hewa ikishajaa unyevu, linachuruzika bure. Ndiyo maana kukimbilia giza peke yake hakutoshi. Huko Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa sita usiku. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda, lakini kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mbio ndefu mimi naziweka alfajiri, ardhi ikiwa imepoa, na pakiwa na unyevu mwingi nazifupisha bila kubembeleza mtu.

Maonyesho ya picha hayanisumbui. Mchana watu wanatafuta kivuli wenyewe. Wape hema lenye upepo na kitu cha kutazama.

Muziki ndio wenye visa. Sauti husafiri mita 331 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi joto 0 za Selsiasi, na takriban mita 343 ikiwa nyuzi 20. Tuseme kuna spika za ziada mita 100 kutoka jukwaani. Fundi huzichelewesha kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 290 hivi, ili sauti ya spika hizo ikutane na ile inayotoka mbele. Akipima mchana kwenye nyuzi 35, kisha usiku joto likashuka hadi 15, hesabu yake imepotea kwa karibu milisekunde 10, na mdundo wa ngoma unaanza kupoteza makali. Fundi anayejua kazi utamwona amerudi kwenye mitambo jua linapozama.

Halafu kuna majirani. Mchana, hewa ya moto iliyo karibu na ardhi huipinda sauti kwenda juu. Usiku mtulivu hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, sauti ikainamia ardhini na kufika mbali. Simu za malalamiko zinaingia saa nne usiku, na fundi analaumiwa wakati hajagusa kitu. Kwa hiyo bendi zenye besi nzito nazitanguliza, na usiku nawaachia waimbaji wa taratibu.

Saa ya kumaliza naihesabu kinyumenyume kutoka basi la mwisho. Uwanja uliojaa hauishi watu kwa dakika tano. Kuna foleni ya lango, ya choo, na mtoto aliyelala wa kubebwa. Wimbo wa mwisho ukigongana na basi, wageni wa mbali wataanza kuondoka wakati bendi imechangamka, na mwakani hawakati tiketi.