Je, wajua kwa nini ndege isiyo na hitilafu hugonga mlima?

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ndogo ya Jeshi la Wanahewa la Kenya aina ya Y-12 iligonga mlima ikikaribia kutua Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 14 walifariki, wakiwemo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki. Walikuwa wakienda kupatanisha jamii za huko.

Kwa miaka mingi niliamini ndege haigongi mlima mpaka kitu kiharibike: injini izime, bawa livunjike. Kumbe ndege nyingi zilizoishia milimani zilikuwa zikiruka vizuri, rubani akiwa na usukani mkononi. Niliamini pia kwamba mbele yake kuna saa inayomwonyesha umbali uliobaki hadi chini. Saa hiyo ipo, huitwa altimita, lakini haijui lolote kuhusu ardhi. Inapima hewa.

Ndani yake mna kikopo chembamba cha chuma kilichozibwa. Nunua pakiti ya krispi Mombasa, panda nayo hadi Limuru: utaikuta imevimba, kwa kuwa hewa ya nje haiibani tena kama ilivyoibana pwani. Kikopo nacho hutanuka hivyo hivyo na kusukuma mshale. Sasa mfikirie mzamiaji. Masikio yake huhisi uzito wa maji yaliyo juu yake, basi anajua amezama kiasi gani. Mwamba ulio chini ya miguu yake masikio hayauhisi. Altimita ni masikio ya namna hiyo.

Chukua ndege iliyo futi 5,000, yaani mita 1,524 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa juu ya jangwa la Chalbi, chini yake kuna zaidi ya kilomita nzima ya hewa. Ikielekea Marsabit bila kupanda, mshale hautikisiki, lakini kilele cha mlima huo kinafika mita 1,707. Na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukifunika kwa ukungu mara kwa mara.

Kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hubana nayo, hubadilika pia, na kila badiliko la milibari moja (kizio cha kanieneo) hupotosha kipimo cha altimita kwa mita 8 hivi. Huku kwetu karibu na ikweta mabadiliko hayo ni madogo, kwa hiyo nisiyakuze. Wala altimita peke yake haitoshi kueleza ajali ya Marsabit.

Mhandisi Donald Bateman, mzaliwa wa Kanada, ndiye aliyetengeneza kifaa cha kuonya kuhusu ardhi. Mwanzoni kilirusha mawimbi ya redio chini tu; mlima uliosimama wima mbele hakikuuona mpaka umeshafika chini ya tumbo la ndege. Miaka ya 1990 kikaongezewa ramani ya milima, na onyo la sekunde chache likawa la takriban dakika moja.