Sola ya stesheni ikifa, taa hubaki zinawaka

Niliwahi kutumwa kukagua stesheni ambayo paa lake lote lilikuwa limejaa paneli. Nilipofika nilikuta taa zinawaka, feni zinazunguka na matangazo ya treni yanasikika vizuri. Nikaingia chumba cha umeme, nikaitazama inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ufae kwa jengo: kioo chake kilikuwa cheusi. Swichi ya upande wa AC (mkondo geu, umeme unaotumiwa na jengo) ilikuwa imeruka, yaani imejikata yenyewe, na kwa hesabu ya kumbukumbu zake, ilikuwa imeruka miezi kadhaa nyuma. Stesheni masta aliyenisindikiza alishangaa kweli. "Mhandisi, mbona hatujakaa gizani hata siku moja?"

Hakuwa na kosa. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi ya sola kwenye reli. Mfumo uliounganishwa na gridi haukuambii kwamba umekufa. Paneli hutoa umeme wa DC (mkondo mnyoofu), inveta huugeuza kuwa AC na kuusukuma kwenye bodi ileile inayopokea umeme wa gridi. Sola ikipungua, gridi hujaza. Sola ikizimika kabisa, gridi hubeba yote na hakuna taa hata moja inayopepesa. Wa kwanza kuujua ukweli ni mhasibu, naye anakaa mbali na stesheni, ana bili za majengo mamia mezani, na hana sababu ya kuhisi kwamba moja imerudi ilikokuwa zamani.

Kwenye nyumba ya mtu binafsi jambo hili hugundulika mapema, kwa kuwa anayelipa bili ndiye anayelala chini ya paneli. Kwenye mtandao wa reli, paa ni la idara ya majengo, umeme ni wa idara ya umeme, bili ni ya fedha, na anayeshinda pale kutwa ni mtu wa uendeshaji wa treni. Kila mmoja ana haki ya kusema sola si yake.

Tuanze na swali ambalo huulizwa mwanzo: tuanzie jengo gani? Wakubwa hupenda kuanzia stesheni kuu, ili abiria waone. Mimi hushauri karakana. Karakana ina paa pana lisilo na kivuli, na mashine zake hufanya kazi mchana, wakati jua lipo. Stesheni nyingi hula umeme kwa wingi kuanzia machweo, taa za majukwaa zinapowashwa. Ukifunga paneli nyingi kuliko matumizi ya mchana, ziada itabidi uiuze kwenye gridi, kama sheria za mahali hapo zinaruhusu, au uitie kwenye betri, nazo huongeza gharama na matunzo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Paneli za kilowati 10, mahali penye wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku, zingetoa uniti 50. Toa joto, vumbi, waya na inveta, utabaki na kama 38 au 40. Joto hasa huwashangaza wengi: paneli hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na juu ya bati la adhuhuri seli zinaweza kufika nyuzi 60. Ndiyo maana ninadai nafasi ya hewa kati ya bati na paneli hata mkandarasi anaponiambia zikilala chapachapa zinapendeza zaidi. Na kabla ya hayo yote, badilisha taa za zamani uweke za LED. Uniti usiyoitumia haihitaji paneli.

Paa lenyewe ni mtihani. Paneli na fremu zake huongeza kama kilo 12 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, na upepo huvuta juu kwa nguvu kuliko uzito huo unavyokandamiza. Majengo mengi ya reli ni ya zamani, mengine yana mabati yaliyochoka, mengine yana asbesto. Paa la asbesto halitobolewi kamwe kwa ajili ya paneli. Huondolewa kwanza na watu waliofunzwa kazi hiyo. Kuweka paneli za kudumu miaka 25 juu ya bati lililobakiza miaka 5 ni kujitafutia kazi ya kuzishusha zote.

Halafu kuna vumbi la reli, ambalo vitabu vya sola ya majumbani havilitaji. Treni inapofunga breki kuingia stesheni, breki, magurudumu na reli husagika na kurusha chembechembe za chuma. Chembe hizo hutua kwenye kioo, hupata umande, hushika kutu, na kutu hiyo hung'ang'ania. Mvua huosha vumbi la udongo, lakini doa la kutu hulipita tu. Penye treni za dizeli, ongeza masizi yenye mafuta. Nimeona safu mbili za paneli zilizofungwa siku moja, ile ya upande wa njia ikitoa umeme kidogo kuliko ile ya nyuma ya jengo, na tofauti ilikuwa uchafu tu. Kwa hiyo ngazi ya kudumu, njia ya kutembea juu ya paa na bomba la maji viwemo kwenye mchoro tangu mwanzo. Vikikosekana, hakuna atakayepanda kuosha, na sitamlaumu.

Kwenye njia yenye nyaya za juu za kilovolti 25, hakuna kupanda paa la jukwaa kabla umeme wa njia haujazimwa kwa kibali cha maandishi. Muda huo hupatikana usiku, treni zinapopungua. Basi mafundi hufunga paneli gizani, na vipimo vya kweli husubiri mapambazuko. Kunapokucha, hatari hugeuka: paneli zilizoungwa mfululizo zinaweza kufika volti 1,000 za DC, na hazizimiki kwa kuzima swichi kuu ya jengo maadamu jua linaziangaza. Wazima moto wa eneo hilo wanapaswa kujulishwa. Vyuma vyote vya fremu viunganishwe na mfumo wa reli wa kupeleka umeme ardhini, kwa mpango wa wataalamu wa njia, maana ardhi ya reli hubeba mikondo inayorudi kutoka kwenye treni. Mng'ao nao hupimwa kwa macho ya dereva, kwa kila pembe ya jua, isije ikafifia mbele yake taa ya ishara.

Mitambo ya ishara yenyewe naiacha na umeme wake na betri zake, peke yake. Sola inaweza kuzichaji betri hizo, lakini inveta ya taa za ukumbi haina ruhusa ya kuigusa.

Kwamba kazi hii inawezekana, hilo halina ubishi. Stesheni ya Blackfriars jijini London ina paneli zaidi ya 4,400 juu ya daraja linalovuka mto Thames, zenye megawati 1.1 hivi, tangu 2014. Guwahati nchini India ilitangazwa 2018 kuwa stesheni inayojitosheleza kwa sola, na shirika la reli la nchi hiyo limeshafunga sola kwenye stesheni na majengo yanayozidi 2,000. Huko Bina, pia nchini India, wamekwenda mbele zaidi, umeme wa sola wa megawati 1.7 ukaingizwa moja kwa moja kwenye njia ya treni.

Ila majengo 2,000 ni inveta maelfu, na kila moja inaweza kunyamaza kama ile niliyoikuta. Kwa mapaa makubwa napendelea mkataba wa mkandarasi kulipwa kwa kila uniti iliyozalishwa. Inveta ikiruka saa nne asubuhi, yeye ndiye anayepoteza, na atakuja mbio. Kwa vituo vidogo na vibanda vya walinzi wa geti, safari ya mkandarasi ni ghali kuliko umeme wenyewe. Huko wapo mafundi wa ishara wanaopita njia hiyo kila wiki. Wafunzwe, wapewe saa za kazi hiyo kwa maandishi, na vipuri vya aina moja kwa mtandao mzima.

Katika stesheni ninazosimamia sasa, mita ya sola nimeitoa chumba cha umeme nikaileta ofisi ya stesheni masta, kando ya daftari la treni. Kila jioni, kabla ya kukabidhi zamu, anaandika namba iliyo kwenye mita, yaani jumla ya uniti zilizozalishwa tangu mwanzo. Namba ikiwa sawa na ya jana, ananipigia simu usiku huohuo.