Jicho lako limo katika picha ulizokwisha kupiga

Karibu kila anayeanza kupiga picha hapa Unguja kwa mapenzi yake, bila ya kutafuta riziki, huanza na vitu vile vile: jahazi mbele ya jua linalozama, mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani wakati wa alasiri. Vitu hivyo ni vizuri kweli, na sina neno la kumlaumu anayevipenda. Lakini mimi hufundisha upigaji picha, na baada ya miezi michache wengi wa wapenzi hao hunijia wakiwa wamechoka, kamera imeshawekwa kabatini, na maelezo yao hufanana: picha zao zinasifiwa, ila wao wenyewe hawaoni raha tena ya kuzipiga. Uchovu huo hautokani na upungufu wa kipaji wala wa vifaa. Unatokana na kupiga kwa mkono wako picha ambazo macho ya watu wengine yalikwisha kuzichagua zamani.

Na ni zamani hasa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu tayari ulikuwa na studio, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, ambazo pamoja na kupiga picha za watu zilikuwa zikiuza postikadi. Msafiri wa meli alitaka kitu cha kuwaonesha watu wa kwao kwamba amefika Zanzibar, kwa hiyo akauziwa bandari, kasri, mlango, na mtu aliyevaa mavazi ya hapa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, nayo ikaendelea katika familia yake. Katika kazi za studio kama hizo mna pia kitu cha namna nyingine: sura za wenyeji waliokwenda kwa miguu yao, wakachagua nguo na namna ya kusimama. Ukiziweka picha za aina hizi mbili pamoja, utaona kwamba postikadi ilipigwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na sura ile ilipigwa kwa ajili ya aliyekuwepo. Mpenzi wa picha wa leo anayo nafasi ya kupiga kwa ajili ya mtu aliyepo, yaani yeye mwenyewe, lakini mara nyingi huikabidhi nafasi hiyo kwa simu yake, akangoja kuona wangapi wamependa.

Nasema haya nikiwa mtu anayepiga picha za harusi kwa malipo. Katika harusi mwenye shughuli ndiye anayejua anachotaka: mkono wenye piko, bibi harusi na mama yake, wazee waliokuja kutoka Pemba. Kazi yangu ni kumtimizia, na naipenda. Hata hivyo uhuru wa kurudi kesho kwa kuwa leo mwanga umenipita, au wa kuacha kupiga kabisa nikatazama tu, haumo katika kazi hiyo. Uhuru huo ni mali ya yule asiyelipwa, na kwa maoni yangu ndiyo asili ya furaha ya fani hii.

Ninachomwambia kwanza mtu aliyechoka ni achague pahala pamoja padogo, karibu na kwake, arudi hapo tena na tena. Pasiwe pahala pa fahari. Ujia wa majumba ya Michenzani unatosha, au uwanja unaoanikwa karafuu kijijini Pemba, au njia anayopita kila siku kwenda sokoni. Josef Sudek, mpiga picha wa Prague aliyepoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga picha kupitia dirisha la studio yake tangu mwaka 1940 hadi 1954: dirisha lile lile, bustani ile ile, ukungu, mvua, theluji, majani mapya. Theluji hatuna, lakini tuna kaskazi na kusi, tuna masika na kipupwe, na kuta zetu hubadilika sura kwa kila kimoja cha hivyo.

Chukua kichochoro kimoja cha Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe. Nyumba ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, nazo ni ndefu kuliko upana wa njia, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya siku jua halifiki chini. Kiasi cha saa 4 asubuhi linapiga ghorofa za juu za upande mmoja tu. Ukuta ule unaupokea mwanga, unaurudisha ng'ambo, na mwanga unateremka kwa kuakisiwa mpaka unaifikia baraza ambapo mzee ameketi na kikombe chake cha kahawa. Mwanga huo ni laini ajabu. Hauna kivuli kikali chini ya kofia wala chini ya pua, na unakuja na rangi ya ukuta uliopitia: chokaa iliyozeeka inaupa uso umanjano wa joto, na ukuta uliopakwa rangi ya samawati unaupoza. Ikikaribia adhuhuri ukanda mwembamba wa jua unashuka hadi sakafuni, na hapo kamera hushindwa kuona palipo na jua na palipo na kivuli kwa pamoja, kwa hiyo mpigaji hana budi kuchagua. Akipima mwanga wa pale penye jua, kivuli kitakuwa cheusi na mtu anayepita ataonekana kwa ukingo wa bega na mkono tu. Akipima kivuli, lile jua litaungua likawa jeupe tupu. Hakuna jibu sahihi hapo. Kuna unachokijali wewe, na anayerudi pahala hapo kwa muda huanza kukijua bila ya kufundishwa na mtu.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo humhimiza msomaji asubiri mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni kana kwamba anao muda mrefu wa kuufaidi. Sisi tupo kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga ule mlaini huwa umekwisha ndani ya saa moja hivi baada ya kuchomoza, na likishazama, mwangaza wa kupigia picha hubaki kama dakika 20 tu. Mwanzoni mwa Machi, na tena mapema mwezi wa Oktoba, jua la mchana hutupita utosini kabisa. Mpenzi wa picha anayengojea dhahabu peke yake atakuwa ameitupa siku nzima, ilhali vichochoro, mabaraza na miembe hutupa mwanga mzuri hata saa 7 mchana.

Pwani ya mashariki mambo ni mengine. Kule Paje na Jambiani wanawake wanaolima mwani huingia baharini maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvu, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa kuwa kupwa na kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, anayesimama pahala pamoja saa ile ile kwa wiki nzima atakuta kila siku pwani mpya: leo mchanga mtupu hadi mbali, kesho kutwa maji ya magotini. Mchanga mweupe una tabia ya kuidanganya kamera. Kipima mwanga huudhani ni mng'aro uliozidi, kikaitia picha giza mpaka mchanga ukawa wa kijivu na nyuso zikapotea. Inafaa kuiongezea picha mwanga kwa hatua moja hivi, yaani mara mbili ya ule uliochaguliwa na kamera, au kwenye simu kugusa uso wa mtu na kusogeza alama ya jua juu kidogo. Ukishalirekebisha hilo, mchanga huo huo unageuka msaidizi, kwani hurudisha mwanga kutoka chini na kulainisha vivuli vya nyuso hata jua likiwa kali.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Simu inatosha. Mwenye kamera na achague lenzi moja isiyovuta wala kusukuma, kwa mfano ya milimita 50, akae nayo mpaka miguu yake ijue yenyewe asimame wapi. Mwenye simu asitumie vidole kuvuta picha karibu, bali asogee. Na kwa hali ya hewa yetu, hasa wakati wa masika, lenzi ihifadhiwe katika chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, kwa sababu kuvu ikishaingia ndani ya vioo ni taabu kubwa kuitoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliamini kuliko yote. Picha zisibaki ndani ya simu. Zipelekwe zikasafishwe, hata kwa saizi ndogo ya inchi 4 kwa 6, zile zilizopendeza na zile ambazo mtu hajui kwa nini hakuzifuta. Kisha zitandazwe mkekani zote kwa pamoja, na mwenyewe azitazame akiwa amesimama. Hapo asiulize ipi nzuri. Atazame kinachojirudia.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo mwenye kazi ya ofisini, alichagua pwani ya Funguni, ambako vyombo vya mbao hufungwa, kwa kuwa hupita karibu na hapo anaporudi kazini. Alidhani anapiga picha za majahazi na mashua. Tulipozitandaza, chombo kizima kilionekana katika picha chache tu, na hizo ndizo zilizokuwa baridi. Zilizobaki zilikuwa na kamba: kamba iliyokazwa na mkondo wa maji, kamba iliyolala juu ya matope na alama yake pembeni ilipoburutwa, fundo lililolowa na kukauka mara nyingi hata nyuzi zikasimama. Moja ilinishika. Ilikuwa ni kamba ya nailoni ya buluu iliyokatika, ikaungwa kwa kipande cha kamba ya makumbi, na aliyeiunga alikuwa amezipitisha ncha mbili ndani kwa ndani kwa uangalifu mkubwa, ingawa ni kamba ya kufungia ngalawa tu. Yule mama aliitazama kwa muda, kisha akatueleza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akiponda makumbi na kusokota kamba za kuuza, na kwamba wakati anapiga hakumkumbuka hata kidogo. Picha ile aliipiga mchana, na jua la juu lilikuwa limeibapa. Akarudi alasiri, mwanga unapokuja kwa ubavu, na mara hii kila uzi wa makumbi ulijitenga na mwenzake na kivuli chake. Tangu hapo hajaniuliza tena apige nini.

Ndiyo maana siwaambii watu watafute mtindo. Mtindo unaotafutwa huwa ni wa kuazima. Jicho la mtu hufanya uchaguzi kabla akili yake haijatoa sababu, na picha zikiwa nyingi na zikionekana kwa pamoja, sababu hujitokeza. Raha anayoipata mtu akiliona jambo lile kwa mara ya kwanza nimeiona kwenye nyuso nyingi, na haifanani na raha ya kusifiwa. Vivian Maier, aliyefanya kazi ya yaya kwa miaka mingi mjini Chicago, alipiga picha zaidi ya 100,000 za mitaani ambazo karibu hakumwonesha mtu. Zilianza kujulikana baada ya shehena ya negativu zake, yaani filamu za picha alizopiga, kuuzwa kwenye mnada mwaka 2007, naye akafariki mwaka 2009. Simtaji ili watu wafiche picha zao. Namtaja kwa sababu mtu hawezi kurudi mitaani miaka yote hiyo bila ya sifa ya mtu yeyote, isipokuwa kule kutazama kwenyewe kunampa kitu.

Kutazama huko kuna adabu zake, na katika visiwa vyetu adabu hiyo ni nzito. Watu wengi, hasa akina mama, hawapendi kupigwa picha bila ya kuombwa, na wana haki. Anayepita na kamera aanze na salamu, shikamoo kwa mkubwa, sabalkheri kwa jirani, aeleze anachokifanya, na akikataliwa aridhike. Faida ya kurudi pahala pamoja ni kwamba hatimaye wewe si mpita njia. Mzee wa barazani atakuuliza ulikuwa wapi juzi. Ukimpelekea picha yake iliyosafishwa, mkononi, atawaonesha wajukuu, na safari nyingine atakuita mwenyewe uje utazame mlango wa uani unavyopigwa na jua saa 3. Picha zilizotoka katika ujuano wa namna hiyo zina utulivu ambao lenzi ya kuvuta mbali haiwezi kuupata.

Kwa anayetaka kuanza, namshauri asianze peke yake. Wakutane watu watatu au wanne wa mtaa mmoja, mara moja kwa mwezi, kila mmoja aje na picha zake zilizosafishwa. Sharti tunaloliweka katika vikao vyetu ni kwamba mwenye picha hasemi kwanza. Wenzake ndio wanaoeleza wanachokiona, kwa maneno ya wazi: mkono, kizingiti, mwanga unaotoka kushoto, mtu aliyegeuka nyuma. Neno "nzuri" haliruhusiwi mpaka wote wamalize. Kisha mwenye picha ndiye huzungumza, na mara nyingi huanza kwa kuzipanga upya picha zake pale mkekani, zile za pembeni akazileta katikati.