Betri ya gridi inaweza kuanzia Ludewa

Niliitwa Mufindi, kwenye kiwanda cha chai chenye kontena la betri za litiamu. Seli zote zilikuwa nzima. Kilichoungua ni kadi ya kuzisimamia, ukubwa wa kiganja. Kuiagiza nje kulichukua miezi minne, na muda wote huo jenereta ikanguruma. Fundi wa pale aliniuliza, "Injinia, hii haichomelewi hapa?" Nikacheka, kisha nikaona aibu.

Tangu hapo, mtu akiniambia tujenge kiwanda cha seli za litiamu, namuuliza: kwa nini tuanzie kwenye mlima mrefu kuliko yote? Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna Liganga, kule Ludewa. Wengi tunaijua kwa chuma, lakini mawe yale yana metali za titaniamu na vanadiamu pia, na vanadiamu nayo hutengeneza betri.

Betri ya vanadiamu, iliyobuniwa kwenye Chuo Kikuu cha New South Wales miaka ya 1980, ukiiona utadhani ni mradi wa maji. Matanki mawili ya tindikali ya salfa yenye vanadiamu iliyoyeyuka, pampu, na mafungu ya seli zenye utando katikati. Ikijaa chaji, tanki moja huwa zambarau na jingine njano; ikiisha, kijani na bluu. Ukitaka saa zaidi za umeme, unaongeza matanki. Ile ya Dalian, China, iliwashwa 2022: megawati 100 kwa saa nne. Ni nzito na inapoteza umeme zaidi kuliko litiamu, ila gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, haibebi betri mgongoni.

Sasa hesabu vilivyopo. Matanki ya plastiki tunatengeneza. Transfoma zinaundwa Arusha. Salfa inatupita hapa Mbeya juu ya malori, chini ya maturubai, kwenda Tunduma na migodi ya shaba ya Zambia.

Kigumu ni kusafisha vanadiamu. Madini huchomwa na magadi, yakaloweshwa, kisha ikatolewa oksidi safi kabisa. Doa dogo tu huharibu tindikali. Hapo ndipo ningeweka fedha na wakemia. Tena, vanadiamu nyingi duniani huishia kwenye chuma, kwa hiyo ujenzi ukipanda, bei nayo hupanda. Utando na vibadilisha umeme tutaendelea kuagiza kwa muda.

Kadi ya Mufindi ninayo mezani. Nimeshaichora saketi yake. Vipuri vingi vyake nimevipata Kariakoo.